Salamu za Krismasi: Leo Maandiko Haya Yametimia

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nimeweka salamu zote mbili ili asibaki mtu nje, na ninyi rafiki zangu msio na kanisa lolote lakini hamkosi kututakia heri kila Desemba, hamjambo, karibuni. Kama kawaida yangu nawaandikia salamu ndefu kuliko kadi. Mwenye haraka achukue hizi za mwanzo: heri ya Krismasi, Mungu akulinde wewe na wote wa nyumbani mwako. Mwenye nafasi aketi kidogo.

Majilio yote, yaani majuma ya kuingoja Krismasi, tumesomewa manabii, na Isaya kuliko wengine. Maneno yenyewe tumeyazoea mno. Msomaji akianza tu, "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa," nusu ya kanisa inamalizia kimoyomoyo. Ni rahisi kusahau kwamba sura zile zilitoka katika siku za hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya vita.

Karibu mwaka 735 kabla ya Kristo, Ahazi mfalme wa Yuda alikuwa amebanwa pande zote. Resini mfalme wa Shamu, yaani Siria, na Peka mfalme wa Israeli, ule ufalme wa kaskazini, walikuwa wameungana kumng'oa kwenye kiti na kumweka mtu wao. Biblia inasema moyo wake na mioyo ya watu wake ilitikisika kama miti ya mwituni ipigwapo na upepo. Hapo ndipo Isaya alipotumwa akamlaki, yeye na mwanawe Shear-yashubu, mwisho wa mfereji wa birika la juu, kwenye njia kuu ya uwanja wa dobi. Naipenda sana anwani ile. Ni mahali pa kufulia nguo na kupitishia maji, na yaelekea mfalme alikuwa ameshuka kukagua maji ya mji kabla adui hajauzingira. Unabii ambao Wakristo wa dunia nzima wanausoma kila Krismasi ulitolewa hapo hapo, mbele ya mtu ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye ulinzi.

Isaya akamwambia aombe ishara, iwe ya kuzimuni au ya mbinguni. Ahazi akakataa kwa maneno yenye harufu ya ucha Mungu: hatataka ishara, wala hatamjaribu Bwana. Kumbe hesabu zake zilikuwa kwingine. Fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana aliipeleka kwa Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru, akimwomba aje kumwokoa. Ishara alipewa hata hivyo, bila kuiomba: bikira atachukua mimba, atazaa mtoto mwanamume, naye ataitwa Imanueli.

Niseme wazi jambo ambalo mahubiri mengi ya Krismasi hulipita mbio. Kwa Ahazi neno lile lilikuwa na maana ya karibu kabisa: kabla mtoto hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wafalme wale wawili zitaachwa ukiwa. Na ikawa hivyo. Dameski, mji mkuu wa Shamu, ilianguka mwaka 732, na Samaria, mji mkuu wa Israeli, ikafuata mwaka 722. Wayahudi wanaosoma Isaya kwa kawaida huona jibu la andiko hilo katika siku zile zile, na hawasemi bila sababu. Sisi, tukimfuata Mathayo, aliyeandika katika Injili yake kwamba neno lile lilitimia kwa kuzaliwa Yesu, tunaamini ahadi ile ilikuwa na kina kuliko vita iliyoizaa, na kwamba Mungu aliyemjibu mfalme mmoja mwoga aliweka ndani ya jibu lile kitu cha watu wote. Imani ndiyo inayotufikisha hapo, na sioni haya kukiri hivyo. Wapo wanaopanga mistari safu mbili, huku unabii na kule utimizo, wakidhani msomaji akifika chini hana budi kuokoka. Sijaona mtu akiokoka kwa safu mbili.

Lakini historia nayo ina neno lake, na ni neno la kutia moyo. Mwaka 1947, katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, lilipatikana gombo la Isaya lenye urefu wa zaidi ya meta 7, na wataalamu wanaliweka katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Kitabu karibu chote kimo, tangu sura ya 1 hadi ya 66. Shina la Yese limo, mtoto aliyezaliwa kwa ajili yetu yumo, mtumishi aliyejeruhiwa kwa makosa yetu yumo. Mtu anaweza kubishana nasi kuhusu maana. Hawezi kusema tuliyaandika baada ya mambo kutokea.

Sasa twende Bethlehemu. Mika, aliyehubiri zama zile zile za Isaya, alikuwa ameutaja mji huo kwa jina, akisema ni mdogo kuwa miongoni mwa elfu za Yuda, lakini humo atatokea atakayetawala katika Israeli. Karne saba zinapita. Mariamu yuko Nazareti, mbali kaskazini, zaidi ya kilometa 100 kwa njia. Na kinachomfikisha Bethlehemu ni amri ya serikali. Kaisari Augusto alitaka watu waandikwe, na watawala wa namna ile huandikisha watu kwa ajili ya kodi na udhibiti. Hakumjua Mika. Hakuna aliyemwonyesha andiko. Alitia sahihi amri yake Roma akiwaza hazina, na watu wawili waliozoea kusubiri, seremala na mchumba wake mjamzito, wakafunga safari. Mimi hapo ndipo ninapomwona Mungu waziwazi zaidi kuliko penye malaika, kwa sababu malaika sijawahi kuwaona lakini foleni za serikali nazijua.

Halafu kuna wale waandishi, yaani walimu wa torati. Mamajusi walipofika Yerusalemu kuuliza yuko wapi mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa, mfalme Herode alifadhaika na Yerusalemu yote pamoja naye. Akawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi, akawauliza Kristo azaliwe wapi. Hawakuomba muda wa kutafiti. Walijibu papo hapo, Bethlehemu ya Uyahudi, wakamnukuu Mika. Jibu lao lilikuwa sahihi kabisa. Na kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kilometa 9 hivi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mathayo hatuambii kwamba hata mmoja wao alikwenda kuchungulia. Wageni waliotoka mashariki, wasio na torati wala manabii, ndio waliokwenda. Waliohifadhi andiko wakarudi kwenye vitabu vyao, na Herode akalitumia andiko hilo hilo kujua pa kupeleka askari.

Nimelikaa sana jambo hili mwaka huu, labda kwa sababu nami ni mtu wa vitabu. Unaweza kuujua unabii kwa sura na mstari, ukausahihisha kwa wengine, na mwenyewe usitoke nyumbani.

Sasa walinganishe waandishi wale na Ana binti Fanueli. Luka anampa mistari mitatu tu, lakini amemwangalia vizuri: kabila ya Asheri, mkongwe sana, aliishi na mumewe miaka 7, kisha akawa mjane hata miaka 84. Asheri lilikuwa moja ya makabila ya kaskazini, yale yaliyopigwa na Ashuru, Ashuru ile ile aliyoiita Ahazi. Watu huyahesabu makabila yale kuwa yaliyopotea, na huyu hapa bibi mmoja wa kabila hilo, yuko hekaluni usiku na mchana, anafunga, anaomba. Hatuambiwi kwamba alikuwa na andiko la pekee la kumwonyesha mtoto atakuja lini. Alikuwepo tu. Yusufu na Mariamu walipoingia na mtoto, na sadaka yao ya watu wasio na uwezo, ya ndege wawili badala ya mwana-kondoo, Ana alitokea saa ile ile. Tunasema subira yavuta heri, na tunasema kirahisi kwa sababu mara nyingi tunamwambia mtu mwingine asubiri. Bibi yule alisubiri mpaka umri ambao watu hawakuulizi tena unangoja nini.

Kando yake alikuwepo Simeoni, aliyemchukua mtoto mikononi, akamshukuru Mungu kwamba sasa anaweza kwenda zake kwa amani. Tukumbuke pia alichomwambia mama. Alimwambia upanga utaingia moyoni mwake. Siku ya furaha, mtoto ana siku 40 tu, na mzee anasema hivyo. Kadi za Krismasi hazichapi mstari ule.

Wala hazichapi Rama. Mathayo, baada ya Herode kuwaua watoto wa Bethlehemu, anaandika kwamba hapo likatimia neno la Yeremia: sauti ilisikiwa Rama, Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa. Angalieni namna alivyoandika. Kwingine katika sura zile anasema mambo yalikuwa ili neno litimie. Hapa anasema tu, ndipo likatimia. Hamtwiki Mungu mauaji yale. Kilio kilichokuwa cha wazazi walioona watoto wao wakienda uhamishoni Babeli kimerudi tena, na Injili inakiandika, haikifuti ili sikukuu ipendeze. Na ukilifungua andiko lenyewe, Yeremia 31, mistari miwili tu baada ya kilio kile Mungu anamwambia Raheli kwamba liko tumaini kwa siku zake za mwisho, na sura haijaisha kabla ya kuahidi agano jipya. Mathayo alimjua Yeremia. Naamini aliweka mstari wa kilio akijua msomaji wake ataendelea mbele.

Kwa hiyo, mpendwa uliyefiwa mwaka huu, usijilazimishe kuchangamka ili sisi wengine tusikose raha. Kiti kitupu mezani hakikuondoi katika Krismasi. Umo ndani ya sura ya pili ya Mathayo.

Nimalizie na Nazareti, miaka 30 na kitu baadaye. Yesu, mtu mzima sasa, anaingia katika sinagogi la nyumbani kwao siku ya sabato. Anapewa chuo cha Isaya, yaani gombo la kitabu chake, anakifungua, anapatafuta mahali: Roho wa Bwana yu juu yangu, maskini wahubiriwe habari njema, wafungwa wafunguliwe, vipofu wapate kuona tena, mwaka wa Bwana uliokubaliwa utangazwe. Kisha anakifunga, anamrudishia mtumishi, anaketi. Watu wote wamemkodolea macho. Anasema, "Leo maandiko haya yametimia masikioni mwenu."

Aliyeijua sura ile angeshtuka mahali alipokatia. Sentensi ya Isaya haiishii kwenye mwaka uliokubaliwa. Inaendelea: na siku ya kisasi cha Mungu wetu. Yesu alinyamaza kabla ya maneno hayo, katikati ya sentensi, akafunga chuo. Alichosoma ndicho alichosema kimetimia leo. Alipokwenda mbele akawakumbusha kwamba Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta na Elisha akamtakasa Naamani Mshami, wote watu wa mataifa, jirani zake walimsukuma nje hadi ukingo wa kilima wamtupe chini. Walikuwa wameingoja ile nusu nyingine. Walitaka adui zao walipwe, na hapa mwana wa seremala anawaambia adui zao nao wana fungu katika mwaka wa Bwana.

Tangu hapo Kanisa linaishi pale alipofunga chuo. Mtoto amezaliwa, hilo limetimia. Panga kufuliwa ziwe majembe, taifa lisiinue upanga juu ya taifa jingine, hilo fungua taarifa ya habari yoyote utaona bado. Mbwamwitu hajalala na mwana-kondoo. Wapo ambao hawakuvumilia kukaa hapo katikati, wakapiga hesabu za siku ya kurudi kwake. William Miller wa Marekani na wafuasi wake waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakiwa wameacha mavuno shambani, na kukapambazuka tarehe 23. Sitaki kuwacheka, maana kiu yao naielewa. Ila Bwana mwenyewe alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, na naona heri tungeiacha palepale alipoiacha.

Basi salamu zangu mwaka huu ni za nusu zote mbili. Ninyi mliopata mlichokuwa mkikiomba, mliojifungua salama, mliopona, mliopatana na ndugu mlionuniana kwa miaka, furahini bila kuona haya, imbeni kwa sauti. Ninyi mnaongoja bado, ajira, uzao, majibu ya vipimo, mtoto aliyeondoka bila kuaga, nawakumbuka kwa majina katika sala zangu. Wauguzi, walinzi, madereva na wote mtakaokuwa zamu usiku wa mkesha huku wengine tukiimba, asanteni sana. Mlio mbali na kwenu, pigeni simu nyumbani hata kama salio ni la dakika mbili. Na kama jirani yako yuko peke yake, si lazima mwezi upite ukitafakari. Mwendo wa kwenda kwake ni mfupi kuliko kilometa 9.

Heri ya Krismasi, na mwaka mpya uwakute na amani.