Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu Freedom Cry

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku sote wazima, wasiwasi wetu ni wewe na mitihani yako huko Tunguu. Baba yako anakusalimu sana, ameshughulika na kuanika karafuu. Mdogo wako kila siku anauliza utarudi lini.

Ujumbe wako nimeupata. Umemaliza gemu ya maharamia, Assassin's Creed IV: Black Flag, sasa unataka kununua nyongeza yake ya kupakua, Freedom Cry, na umeniuliza mimi kwa sababu nasomesha historia: je, mna kitu ndani yake au ni pesa tu inayotafutwa? Nimefurahi kuulizwa. Dada yako anayo, basi jioni baada ya isha yeye alishika pedi ya kuchezea na mimi nikakaa ubavuni pake, tukaenda nayo mpaka mwisho.

Ni gemu fupi, ilitoka mwaka 2013. Unayemcheza ni Adéwalé, yule msaidizi merikebuni wa Edward Kenway, haramia uliyemcheza kwenye Black Flag, aliyezaliwa mtumwa kwenye shamba la miwa kule Trinidad. Sasa ni mwaka 1735. Merikebu yake inavunjika karibu na Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo leo ndilo Haiti, na anajikuta Port-au-Prince peke yake, mahali ambapo watu wa rangi yake wananadiwa hadharani. Anakutana na Bastienne, mwanamke mwenye danguro ambaye kwa siri anawasaidia watumwa, na anaungana na watoro waliokimbilia mwituni.

Kwa tarehe, nimeona kasoro moja: mji wa Port-au-Prince ulianzishwa rasmi mwaka 1749, na gemu inakuonesha mji mzima uliojaa maduka na askari miaka kumi na kitu kabla. Hilo halinisumbui sana. Gavana de Fayet alikuwepo kweli, na wale wataalamu wa Kifaransa wanaokwenda kupima umbo la dunia, akina Louis Godin, walipita kweli Saint-Domingue mwaka huo wa 1735. Waandishi wamesoma.

Kinachonisumbua ni hesabu. Kila Adéwalé anapomkomboa mtu, namba kwenye skrini inapanda, na namba ikifika kiwango fulani unafunguliwa silaha bora na vifaa vipya. Nilimtazama dada yako. Shamba la kwanza alicheza kwa moyo, akajificha ndani ya miwa na kumvizia msimamizi mmoja mmoja, maana kengele ya hatari ikilia walinzi wanaanza kuwaua watumwa. Baadaye nikamwona macho yake yamehamia kwenye namba. Akasema, "Mama, bado kidogo tu nipate panga jipya." Dada yako ana huruma, unamjua. Gemu ndiyo iliyomfundisha kuhesabu vichwa, na kuhesabu vichwa ndiyo iliyokuwa kazi ya mwenye shamba na ya nahodha wa merikebu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Elfu moja, bila jina hata moja. Wengi walipelekwa kwenye visiwa vya Wafaransa katika bahari yetu hii, na kabla karne ile haijaisha merikebu zilikuwa zinawazungusha watu wa pwani ya Msumbiji mpaka Saint-Domingue kwenyewe. Kwa hiyo usiicheze kama habari ya watu wa mbali.

Na wakishakombolewa wanakwenda wapi? Gemu inakwambia wengine wamejiunga na watoro, wengine wamekuwa mabaharia wako, basi. Hapo ndipo mimi, mtu wa Pemba, ninapoona pengo kubwa. Soko la watumwa la Mkunazini, kule mjini Unguja, lilifungwa mwaka 1873, Sultan Barghash alipokubali kupiga marufuku biashara ile, lakini utumwa wenyewe mashambani uliendelea. Mwaka mmoja kabla ya hapo kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na mzigo wa kuchuma ukazidi kuwaelemea watu wa huku. Amri ya kuondoa utumwa ilikuja mwaka 1897, na hata hiyo haikumwacha mtu huru palepale. Ilimbidi aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake. Bwana ndiye aliyelipwa fidia. Aliyeachwa huru alitakiwa aoneshe ana pa kukaa na ana kazi, kwa hiyo wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale, wakipalilia mikarafuu isiyokuwa yao ili wapate pa kulima muhogo. Ningependa gemu itupe hata nusu saa ya maisha hayo: mtu huru anatafuta kiwanja.

Bastienne analigusa kidogo. Anamwonya Adéwalé kwamba kila anapovamia, wanaobaki nyuma ndio wanaoadhibiwa. Maneno yake ni mazito, nami nilitamani gemu imsikilize zaidi, lakini mara mchezo unakurudisha baharini kuwinda merikebu nyingine.

Halafu inakuja ile sehemu ya merikebu inayozama. Sitakueleza yote. Wafaransa wanaipiga mizinga merikebu iliyobeba watumwa ili wao wenyewe wapate kukimbia, na Adéwalé anashuka ndani yake maji yakiwa yanaingia. Watu wamefungwa minyororo wamelala safu kwa safu, wanapiga kelele, merikebu inaegemea upande, na unapita katikati yao ukijua hutawafikia wote. Pale hakuna kinachopanda isipokuwa maji. Dada yako aliiweka pedi chini, hakusema kitu, mimi nikamshika mkono. Miaka yote niliyosomesha mada hii sijaweza kuwafanya wanafunzi wakae kimya namna ile. Kwa ajili ya sehemu hiyo peke yake, mwanangu, nasema inunue.

Lakini nunua kwa akili. Ilipotoka iliuzwa dola 10 kama nyongeza, na baadaye ikatolewa peke yake, isiyohitaji gemu mama, kwa dola 15. Wewe gemu mama unayo, hivyo nyongeza inakutosha, na ngoja wakati wa punguzo. Mdogo wako asiiguse ukija nayo likizo. Ni ya miaka 18, na damu iliyomo ni nyingi.

Ukishamaliza, siku ukienda mjini, pita Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana, uyatazame yale masanamu ya watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Hao mchongaji aliwapa kila mmoja uso wake. Kisha nipigie simu tuzungumze, nataka kujua kama nawe unakubaliana nami juu ya Bastienne au umeliona jambo jingine.

Pesa ya matumizi baba yako atakutumia Ijumaa.

Mama yako