Barua kwa babu aliyesema dawa ya mbuzi kilema ni pilau

Babu, shikamoo. Au niseme "mume wangu", kama unavyopenda mbele za watu, ingawa tangu Idi hutaki hata kusikia sauti yangu kwenye simu. Nakuandikia hapa hadharani kwa makusudi. Najua mdogo wangu unayekaa naye huko Simbo atakusomea huku akicheka, na wewe utajifanya unahangaika na redio.

Kosa nakiri. Sikupaswa kusema mbele ya wageni kwamba mbuzi wangu anatembea vizuri kuliko wewe. Lilikuwa neno la uani, nikalipeleka barazani. Ulinijibu papo hapo, "Dawa ya mbuzi kilema ni pilau," watu wakaangua kicheko, mimi pia nikacheka. Kisha ukaomba magongo yako ukaingia ndani. Bibi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba siku ile hukula.

Huyo mbuzi hukupata kumjua vizuri, kwa hiyo ngoja nikueleze alivyofika kwangu. Alikuwa wa miezi mitatu hivi. Alinasa kwenye mtego wa waya, ile inayotegwa kandokando ya mashamba ya muhogo kwa ajili ya nguruwe pori. Waya ulikuwa umekaba mguu wa mbele wa kushoto, chini ya goti, na kwato lilikuwa limeshapoa na kuwa jeusi. Mwenyewe alikuwa ananoa kisu. Nikamwambia sina bei ya mbuzi mzima. Akanitazama, akamtazama mbuzi, akasema nilipe robo tatu, maana na mbuzi mwenyewe ni robo tatu. Nikalipa. Daktari wa mifugo akamchoma ganzi, akakata juu kidogo ya pale nyama ilipofia, akaliacha goti. "Goti likibaki," aliniambia, "kuna la kufanya."

Hapa Ujiji nimesemwa sana. Binadamu wanatambaa chini, wewe unamvisha mbuzi mguu! Sibishani nao. Mguu wa Katambuga, ndivyo nilivyomwita mbuzi wangu, haukutoka kwenye fungu la mtu yeyote: ni kipande cha bomba la maji, sponji ya godoro bovu, na soli aliyoikata fundi wa katambuga pale sokoni, ya tairi la gari. Ndiyo asili ya jina lake. Fundi alikataa hela, akasema hajawahi kupata mteja wa mguu mmoja asiyelalamika.

Wengine waliniuliza kwa nini nisimwache tu na mitatu. Mbwa mdogo au paka anaweza, tena anakimbia utadhani hajakosa kitu. Lakini mnyama wa miguu minne hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na mbuzi anaongezeka uzito. Mguu uliobaki unalemewa, bega linashuka, mgongo unapinda. Kadiri mnyama alivyo mzito ndivyo mambo yanavyokuwa mabaya. Thailand wana tembo anaitwa Mosha, alikanyaga bomu la ardhini mwaka 2006 akiwa wa miezi saba, karibu na mpaka wa Myanmar. Daktari mmoja wa viungo bandia vya watu, Therdchai Jivacate, akamtengenezea mguu. Wamebadilisha mara kadhaa, kwa sababu Mosha amekua na kila mguu ulikuwa unamfupikia na kumbana. Fikiria, babu, mguu wa kubeba tembo! (Na mabomu ya namna hiyo, kule nchi jirani ya Kambodia, yanatafutwa na panya wetu, panya buku waliofundishwa Morogoro. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Nakuambia kwa sababu wewe ukisikia panya unatafuta fagio.)

Siku ile ulisema na jingine, kwamba mnyama akishakuwa kilema anajua amekwisha. Hilo nimelifikiria sana, kwa sababu wewe ndiye uliyenipeleka Kibirizi nikiwa mdogo, ukanionyesha mitumbwi ya kwenda Gombe na kunisimulia sokwe. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wale. Kundi la Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, lilikuwa likiwawekea chanjo ndani ya ndizi. Sokwe mmoja, Faben, alipooza mkono. Sokwe hutembelea mikono na miguu, mkono ukifa unaburura. Faben akasimama. Akawa anatembea kwa miguu miwili, masafa marefu, mkono umening'inia. Hakuna aliyemfundisha. Nilipokukumbusha habari hizi kwa simu ulikata.

Haya, nirudi kwenye mguu, maana kilichonifanya niandike kiko huku.

Wa kwanza niliutengeneza kidonda kilipokwisha kufunga. Nilizungushia kigutu bandeji ya plasta, ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, nikapata umbo lake. Nikalijaza plasta nyingine, likawa gogo la mfano wa mguu. Bomba nikalipasua, nikalilainisha juu ya jiko la mkaa na kulikandamiza kwenye gogo hadi likashika. Nilijiona fundi! Siku ya kwanza alitembea kama mtu aliyevaa kiatu cha kuazima, anainua mguu juu kupita kiasi. Siku ya tatu alinipita akikimbilia maganda ya ndizi.

Baada ya mwezi na kitu akagoma. Nikimvalisha analala chini. Nikimwinua anapiga teke hadi mkanda unafunguka. Nikasema huu ni ukaidi wa mbuzi, nikamfokea, na siku moja, Mungu anisamehe, nilimchapa. Kisha nikampigia fundi wa viungo bandia aliyesomea Moshi, kile chuo kilichoko hospitali ya KCMC tangu miaka ya 1980, nikamwonyesha kwa video. Akaniambia niingize kidole kati ya kigutu na lile kopo, yaani sehemu ya mguu bandia ambamo kigutu kinaingia. Kiliingia. Nikaingiza cha pili, nacho kikaingia.

"Mguu hauna kosa," alisema. "Kigutu kimepungua."

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Mguu ukishakatwa, kigutu kinakuwa kimevimba. Miezi inayofuata uvimbe unashuka, na misuli isiyofanya tena kazi inanywea. Kopo lililokaa sawasawa siku ya kwanza linaanza kupwaya. Mguu ukipwaya, kigutu hakishikiliwi tena pembeni kinapopaswa kubebwa, kinazama. Ncha ya mfupa inagonga chini, ngozi inakuwa nyekundu, kila hatua ni kisu. Ni hivyohivyo kwa watu. Dawa yake ya kwanza ni soksi: unaongeza moja, siku nyingine mbili, hadi kopo likaze. Soksi zikizidi, unarudi kwa fundi kutengenezewa kopo jingine. Mguu wa kwanza haujawahi kukusudiwa kuwa wa kudumu.

Nilikaa chini pale uani na mbuzi mapajani, babu, nikakukumbuka wewe.

Ulianguka kutoka juu ya mchikichi, wewe mkwezi ambaye kijiji kizima kilikuita mikungu ikiiva. Ukakatwa mguu, na wa bandia ukatengenezwa mapema, kigutu hakijamaliza hata kukauka vizuri. Ukauvaa Ramadhani nzima, ukaenda nao msikitini, Bibi akapika mgebuka kwa furaha. Kisha ukaanza kuuma, ukasema una jini, ukaviringishwa kwenye kanga na kusukumwa chini ya kitanda. Hakuna aliyekuambia habari za soksi. Sote tulisema mzee mkaidi. Mimi nikiwa wa kwanza kusema.

Idi, ulipokuwa umelala, niliutoa nikauangalia. Usinikasirikie tena. Ndani, kule chini kabisa, bitana imechakaa na kung'aa mahali pamoja, sawa na ile ya Katambuga.

Na hilo la usiku, mke mwenzangu kaniambia. Kwamba unaamka unataka kukuna vidole ambavyo havipo, na unamkataza asimwambie mtu. Hujarogwa. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka habari kichwani, na kichwa kinauhesabu mguu mzima. Waliokatwa miguu wengi yanawapata. Katambuga mwenyewe wakati mwingine anainama kulamba kwato ambalo halipo, ingawa fundi anasema labda ni mazoea tu.

Sasa hivi yuko kwenye mguu wa pili, na kwa jinsi anavyokula utamfupikia kabla ya masika.

Alhamisi napanda hiace ya asubuhi. Nakuja na soksi sita za pamba, nyembamba, zisizo na mshono upande wa ncha, na ile namba ya fundi. Tutauvaa dakika kumi tu, tuuvue, tuangalie ngozi. Wekundu ukikaa bila kufifia, tunaurudisha kwenye kanga na kupanga safari ya kwenda kutengeneza kopo jipya, nauli nimeshatenga. Mbuzi naye nakuja naye. Mwambie mke mwenzangu apike pilau la kuku, na usimtume mtu aje kuniambia umelala.