Barua kwa Kaka Sudi: bahati yangu na mkeka wako

Omaha, Nebraska
26 Juni 2025

Kaka Sudi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa joto, nalo wenyeji wanalilalamikia utadhani wao ndio wa kwanza kuliona jua. Ningewapeleka Tanga mwezi wa pili wakajionee.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unataka milioni mbili za "biashara". Na yale uliyoyasema kwenye arusi ya Tunu nayo yamenifikia, usitafute aliyeniambia, arusi ile ilikuwa na simu nyingi kuliko sahani. Eti mdogo wako hana lolote, ni bahati tu, angebaki hapo saa hizi angekuwa anasukuma mkokoteni wa machungwa stendi. Watu wakacheka. Mama Mdogo anasema hata aliyekuja kufungisha ndoa alicheka.

Sikukupigia kwa sababu kwenye simu unanizidi maneno. Tena nilikuwa kazini. Mwezi wa sita hapa Omaha ni fainali za besiboli ya vyuo, na mimi nikitoka kiwandani (nyama ya ng'ombe, mwambie Mama asiwe na wasiwasi) nakwenda uwanjani kwenye kibarua. Mwaka huu wamenipa kaunta nzima ya vinywaji niisimamie, vijana wako chini yangu, na mbele yangu kuna televisheni kubwa. Kwa hiyo habari ya bahati nimeitazama kwa macho yangu siku kumi nzima, na nina majibu yako.

Wewe ni mtu wa mpira, utanielewa. Msimu wa kawaida chuo kinacheza mechi 56 hivi. Kisha zinachaguliwa timu 64, zinagawanywa vituo 16, kila kituo timu nne, ukifungwa mara mbili unafunga mizigo. Zinazobaki 16 zinakutana mbili mbili, anayeshinda mechi mbili kati ya tatu anapita. Zile nane ndizo zinazokuja Omaha, na ndivyo ilivyo, fainali ziko hapa tangu 1950. Hapa tena ni makundi mawili, ukifungwa mara mbili nje, halafu fainali yenyewe, mbili kati ya tatu. Jasho la miezi mitatu na zaidi linakuja kuhukumiwa na mechi chache.

Na mchezo wenyewe una vituko. Mpira wa mviringo unapigwa na gongo la mviringo. Mtu anaugonga vizuri kuliko wote siku hiyo, unakwenda moja kwa moja mikononi mwa mdakaji, anarudi kukaa. Mwenzake anaugusa kwa pembeni tu, unadondoka pasipo na mtu, anashangiliwa. Halafu kuna mrushaji. Akishatupa mipira mia moja, mkono unataka siku kadhaa za kupumzika, kwa hiyo timu iliyokunyoa Ijumaa ikiwa na yule jamaa wao hatari, Jumamosi ni timu nyingine kabisa.

Kaunta ya jirani yangu anasimama mzee mmoja wa Arkansas, amestaafu, kibarua kile anakifanya ili aingie uwanjani bure. Anavaa kofia nyekundu yenye picha ya nguruwe, astaghfirullah, ndiyo nembo ya timu yao. Jumatatu ya tarehe 16 mrushaji wao Gage Wood aliwafanyia Murray State jambo ambalo halikuwa limeonekana kwenye fainali hizi tangu 1960: mechi nzima, hakuna mpigaji hata mmoja aliyeugonga mpira akafika kwa halali kwenye kituo anachotakiwa kukimbilia. Kwenye besiboli unatakiwa kuwatoa watu 27 ili mechi iishe. Wood aliwatoa 19 peke yake, wakipunga hewa au wakiduwaa. Mzee alinikumbatia mimi na mteja mmoja ambaye hatumjui.

Siku mbili baadaye, Jumatano, Arkansas hao hao wanacheza na LSU, chuo cha Louisiana. Ngwe ya tisa, ya mwisho, Arkansas wanaongoza 5–3. Mpira unapigwa kushoto, kijana wa Arkansas anaukimbilia, mguu unamponyoka, mpira unampita. Wawili wa LSU wanamaliza mzunguko, 5–5. Mpira unaofuata unapaa kwa mdakaji wa kituo cha pili, unamgonga kwenye glavu na kuponyoka, 6–5, kwaheri. Mzee alibaki ameshika kikombe cha bia alichokuwa anakijaza, bia inamwagika juu ya vidole vyake, bomba halifungwi. Nilikwenda mimi nikalifunga. Ndipo akanisimulia ya 2018, fainali, uwanja huu huu: ngwe ya tisa, Arkansas wanataka kumtoa mtu mmoja tu wawe mabingwa, mpira unapanda juu pembeni mwa uwanja, wanaufuata watatu, kila mmoja anamwachia mwenzake, unadondoka katikati yao. Oregon State wakapona, wakaigeuza mechi ile, na kesho yake wakabeba kombe. Arkansas mpaka leo hawajawahi kulitwaa.

Kaka, utaniambia Arkansas hawajui mpira?

Na mwaka huu timu iliyopangwa namba moja nchi nzima, Vanderbilt, ilitolewa hatua ya kwanza kabisa, nyumbani kwake. Namba mbili, Texas, hivyo hivyo. Namba moja kutwaa kombe imetokea 1999, Miami, halafu watu wakangoja mpaka 2024, Tennessee. Tennessee hao mwaka 2022 walikuwa wakali zaidi, walishinda mechi 57 na kupoteza 9, na hawakufika hata Omaha. Kombe la mwaka ule lilikwenda kwa Ole Miss, walioingia kwenye 64 kwa tundu la sindano. Mwaka 2008 lilikwenda Fresno State, waliopangwa wa mwisho kwenye kituo chao cha timu nne. Na yuko kocha Mike Martin wa Florida State: misimu 40, ushindi 2,029, Omaha alikuja mara 17, akastaafu 2019 bila kombe. Nani atasema yule mzee hakuwa na ujuzi?

Sasa fanya hesabu, wewe uliyekuwa unanipiga makofi kwa sababu ya jedwali la saba. Chukua timu nzuri hasa, yenye nafasi tatu kati ya nne za kuvuka kila hatua. Hatua ni nne. Zidisha. Inabaki chini ya theluthi moja. Yaani timu bora kuliko zote, ukiitazama kwa jicho la hesabu, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Halafu chukua mkeka wako wa kubeti. Tunu amenitumia picha yake, kaka, usimgombeze. Mechi 12, Uingereza na Hispania na Uturuki na moja ya Finland ambayo hata wewe hujui ni mji gani. Tuseme kila moja umeijua vizuri, tatu kati ya nne. Zidisha mara 12. Zinabaki nafasi 3 kati ya 100. Mkeka ukichanika unasema "bahati mbaya, timu moja tu imeniangusha." Hiyo timu moja haikukuangusha, ndivyo mkeka ulivyotengenezwa.

Lakini usinishike hapo ukasema basi yote ni bahati. LSU sasa wana makombe 8. Bahati haipigi hodi nyumba moja mara 8 ikaacha mtaa mzima. Wana fedha, wana uwanja unaojaa, wanachukua vijana bora, na kila mwaka wamo kwenye hesabu. Mechi moja naikubali ni ya bahati. Kuwa karibu na kombe mwaka baada ya mwaka, hiyo ni kazi, na hapo simpi mtu nafasi ya kunibishia.

Fainali nilitaka wachukue wapinzani wao, Coastal Carolina. Unajua kwa nini. Mtu wa Tanga akiona jina Coastal kwenye ubao moyo unaruka, nikawasimulia vijana wa kaunta kuhusu ubingwa wa Coastal Union yetu wa 1988 mpaka wakachoka. Coastal hawa wa huku walikuja wameshinda mechi 26 mfululizo. Jumamosi LSU wakamsimamisha Kade Anderson, akarusha mwanzo mpaka mwisho, mipira 130, Coastal wakafa 1–0. Jumapili kocha wa Coastal akatolewa na mwamuzi ngwe ya kwanza tu, ingekuwa kwetu uwanja wa Mkwakwani pangechimbika. Wakafungwa 5–3. Wale Arkansas wangeudaka mpira ule wa Jumatano, nani anajua Anderson angepata siku ya kusimama pale kurusha.

Usiku nikitoka uwanjani nawakuta watu wamekaa nje wanabishana mambo haya, nasimama kidogo. Natamani kahawa chungu na kashata, na wewe unapiga kelele kuhusu African Sports. Kuna jioni naona kama nitalipa nauli ya ndege kwa ajili ya ubishi ule tu.

Turudi kwenye arusi. Fomu ya bahati nasibu ya viza tulijaza wote wawili, duka lile lile, Barabara ya 12, nauli ya kurudi ukanilipia wewe. Kompyuta ikanitoa mimi. Hiyo ni bahati, sikatai, na kama ungetoka wewe ningekupeleka uwanja wa ndege kwa shangwe. Lakini cheti cha shule walichokitaka ubalozini hakikutoka kwenye kompyuta. Wewe ulikuwa umeshaacha shule ukamfuata yule mtu wako wa Horohoro, mpakani, Baba akasema mpaka akanyamaza. Na huku wapo wengi waliotoka kwenye bahati nasibu ile ile na hawajafika popote. Mimi leo ni msimamizi wa zamu, gari nimemaliza kulipa, na watu wenye umri wa Baba wananiita bosi. Ya zamu za usiku na baridi ya Januari tuyaache.

Pesa za bati za Mama nimemtumia Tunu, fundi alipwe akimaliza, si akianza. Milioni mbili sitatuma. Ukiwa na fremu ya duka, nipigie video ukiwa umesimama ndani yake, tuzungumze na mwenye fremu nimsikie kwa masikio yangu.

Na Juma nimefurahi sana kupata habari yake, kwamba amepangiwa Azania. Pale besiboli inachezwa kweli, Wajapani waliwajengea uwanja. Mwambie asiogope kujaribu, ana mkono mrefu kama wa Babu. Nampelekea glavu ya ngozi kwa Mama Rehema anayekuja Desemba. Isiuzwe. Na ni moja tu, ya mkono wa kushoto, ndivyo zilivyo, msije mkamgombeza Mama Rehema kwamba amepoteza ya pili.

Mdogo wako,
Bakari