Usizifunge Hizo Bushi Kabla Hujasoma Barua Hii

Nakuru,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Otieno,

Habari za Kisumu? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Nimekupigia simu tangu saa kumi, haishikwi. Najua ukiwa zamu ya usiku simu hukaa kabatini, na Barasa anaondoka kesho alfajiri kuja huko, kwa hivyo nimempa barua. Tafadhali, zile bushi za gia nilizokushawishi ununue, vile vipete vinavyokaa kwenye bolti na kebo za mkono wa gia, usizifunge kwanza. Kama zimeshafungwa, usiende nalo mbali hilo gari kabla hujasoma hadi mwisho.

Unakumbuka gia ya Corolla yangu ilivyokuwa imelegea. Ukiingiza namba tatu, mkono unacheza huku na huku kama mwiko ndani ya uji. Raba za chini zilikuwa zimekauka hadi zikapasuka. Ndipo nikaagiza bushi ngumu za poliyurethani, yaani plastiki ngumu, za kwenye kitako cha mkono wa gia, na za shaba za kwenye ncha za kebo zinazouunganisha mkono na giaboksi. Siku ya kwanza niliendesha hadi Njoro nikafurahi sana, na jioni hiyo ndiyo nikakupigia kukusifia. Gia ilikuwa nzito kidogo, lakini fundi aliniambia ni upya tu, itazoea.

Baba Achieng', haikuzoea. Kila wiki ilizidi. Namba mbili asubuhi ilitaka nguvu za bega. Na kitu kimoja nilikiona mapema nikakipuuza: ukiwa nyutro, yaani hujaingiza gia yoyote, mkono wa gia unapaswa kurudi wenyewe katikati, kwenye safu ya tatu na nne. Kuna springi ndani ya giaboksi inayourudisha. Wangu ulikuwa unabaki pale pale ulipouacha.

Alhamisi iliyopita nilikuwa natoka Kericho, mama mkwe amekaa nyuma. Tumepita Mau Summit, tunateremka Sachangwan, trela iko nyuma yetu. Nilikuwa namba tano, nikakanyaga klachi niingize nne ili injini isaidie kulishika gari. Mkono ukatoka tano, haukurudi katikati. Nikivuta nyuma nakutana na upande wa rivasi, na kule hakuingiliki. Gari likawa nyutro, mteremko unalivuta, nimebaki na breki peke yake. Ilichukua sekunde chache tu kabla sijausukuma kwa kiganja ukaingia. Mama alikuwa anasimulia habari za mazishi ya kwao, hakujua lolote. Mimi mikono ilitetemeka hadi Salgaa. Wewe unaijua ile barabara, na wewe ndiye unayetaka kuipita na watoto watatu mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu silali.

Sasa sikiliza nilichokipata, maana jana nimeshinda chini ya gari.

Kwanza nilizima injini nikabadilisha gia. Ikiwa nzito injini inapowaka halafu nyepesi ikizimwa, hapo unashuku klachi haiachii vizuri. Yangu ilikuwa nzito vile vile. Kisha nikatoa betri na boksi la kisafisha hewa nikafika juu ya giaboksi. Kebo ni mbili, moja ya kuchagua safu, nyingine ya kuingiza gia. Nikachomoa klipu na pete bapa za kwenye ncha, nikazitoa kebo zote mbili, nikasukuma mikono ya giaboksi kwa kidole. Ilikwenda bila kubisha hata kidogo. Kumbe fundi wa pili niliyempelekea gari alinibadilishia oili ya giaboksi bila haja, na ile ya awali ilikuwa 75W-90 kama inavyotakiwa. Hilo limeniuma, kwa sababu pesa zile zilikuwa za karo ya Wambui, na nilimuuliza waziwazi kama ana uhakika.

Nikarudi ndani. Kebo zikiwa zimetolewa, mkono wa gia unapaswa kulala wenyewe upande wowote. Wangu, kuupeleka kushoto na kulia ilikuwa kama kusonga ugali wa harusi. Basi nikalegeza zile bolti nne za kitako, nusu mzunguko kila moja. Ukalainika papo hapo, mkononi mwangu! Nilikaa pale sakafuni nikaupeleka na kuurudisha labda mara ishirini. Mke wangu akatoka kuniuliza nacheka nini.

Shida iko hivi. Katikati ya kila bushi kuna kibomba kidogo cha chuma, na bolti hupita ndani yake. Kibomba ndicho kinachopaswa kubeba nguvu ya bolti. Kikiwa kirefu kuliko bushi japo kwa unywele, unakaza hadi mwisho na bushi haibanwi. Nilipopima kwa kalipa, bushi zangu zilikuwa milimita 17, vibomba milimita 15.5. Yaani kila ukikaza unaibana bushi yenyewe, na kwa kuwa ni ngumu haikubali kama raba. Inakivuta kitako kinapindika, na pale mkono wa gia unapozungukia panabana. Kadiri fundi alivyokaza kwa bidii ndivyo gia ilivyokuwa mbaya. Na alikuwa amezifunga kavu, bila tone la grisi.

Nimezisugua bushi kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, taratibu, nikipima kila dakika, hadi kibomba kikachungulia. Nikapaka grisi ya silikoni, maana ile ya kawaida ya petroli inaweza kuvimbisha raba zilizobaki. Kisha nikakaza kidogo kidogo kwa msalaba, na kila hatua naujaribu mkono kwanza.

Lakini sijamaliza. Bushi mbili zimetoka vizuri, moja imekwenda upande, ya nne nimeipunguza kupita kiasi. Na ile ya shaba kwenye kebo ya kuchagua safu bado inabana. Pini ilikuwa na kutu, nimeisafisha, afadhali. Ila ncha ya kebo huinama kidogo kila mkono unapozunguka, na shaba haitoi nafasi ya kuinama. Hapo nimerudisha bushi ya zamani ya raba. Wengine wataniambia nimeshindwa. Mimi naona bora mkono ucheze kidogo kuliko kulazimisha gia hadi nile sinkro, zile pete za ndani zinazosaidia gia kuingia laini, maana kufungua giaboksi si mchezo.

Kwa hiyo naomba msaada. Yule fundi wako wa Kibuye mwenye mashine ya kukereza chuma bado yupo? Naomba anikatie vibomba vinne, kipimo cha nje na cha ndani kama hiki nilichokifunga kwenye karatasi, lakini urefu uwe milimita 17.3. Nimeshaagiza bushi nyingine za kitako, kwa hiyo safari hii sitazisugua, vibomba ndivyo vitakavyozidi. Akikuletea, vipime wewe mwenyewe kabla hujalipa. Pesa nitakutumia siku hiyo hiyo.

Na zako pima kwanza. Huenda zako ziko sawa, sijui kama ni za mzigo mmoja na zangu. Simamisha bushi na kibomba chake juu ya kioo, uweke rula juu. Rula ikikalia bushi, usifunge. Ikikalia kibomba, sawa. Ni dakika mbili tu, Otieno.

Mengine ni machache. Mwalimu amepata uhamisho, anakwenda Molo, na amekubali bila kinyongo, jambo lililotushangaza wote. Mama Shiro amefungua tena kibanda. Lile shamba la Njoro bado lina maneno, nitakueleza tukionana.

Niambie, zako zimeshafungwa au bado? Ukiwa nyutro, mkono unarudi katikati wenyewe? Rivasi inaingia bila kelele? Safari bado ni mwisho wa mwezi, ama shule zimebadilisha tarehe? Mtalala kwetu ama kwa dada yako Lanet? Na kikohozi cha mdogo kimeisha? Nipigie ukiipata hii hata kama ni usiku wa manane, simu nitaiweka kando ya mto.

Msalimie shemeji, na mama pia.

Ndugu yako,
Kimani