Jua la Mtwara peke yake halikunitosha

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naandika toka hapa Mtwara mjini, mi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge na madera karibu na soko. Kila nikifungua kurasa za afya nakutana na habari za watu waliopunguza mwili kwa upasuaji, picha ya kabla na picha ya baada, afu habari inaishia palepale. Mi ndo naishi hiyo baada, na nataka niseme kilichonikuta kwa kupungukiwa vitamini D ili mwenzangu asifike nilikofika.

Nilifanyiwa upasuaji Dar mwanzoni mwa 2023, nilikuwa na kilo 138, sukari imeshapanda na magoti hayanibebi. Nilifanyiwa ule wa baipasi, yani tumbo wanalibakiza kifuko kidogo kama yai la kuku afu utumbo wanauunganisha kwa chini, hivo chakula kinaruka ile sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo. Sijutii hata siku moja. Sukari imeshuka, natembea toka nyumbani mpaka dukani kwa miguu, nguo zangu za zamani nimezigawa zote. Nalisema hili mapema maana sitaki mtu asome barua hii aogope kwenda.

Shida ilianza mwaka wa pili. Ilikuwa Ramadhani ya 2024, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya futari, nilitaka kupika muhogo wa nazi na samaki, nazi ya pili ilipoisha nikataka kunyanyuka na miguu ikagoma. Sio ganzi, sio kwamba nimekaa vibaya, mapaja hayana nguvu kabisa, kama sio ya kwangu. Nikashika fremu ya mlango nikajivuta, mkono nao unatetemeka, ikabidi nimwite binti yangu mdogo aje anishike kwapani, na yule mtoto ana miaka 12 tu, nilimuona usoni anaogopa ila hakusema kitu. Usiku ule mbavu ziliuma nilivyojigeuza, na vidole vya mkono vinachonyota kama vimetembelewa na siafu.

Nikaenda kupima kituo kimoja, jina siliandiki. Wakapima kalsiamu kwenye damu, ikaja iko sawa, nikaambiwa mama huna tatizo, umepungua haraka misuli inajizoesha, kanywe dawa ya maumivu. Hapa ndo naomba wasomaji waelewe vizuri maana mi nilipotezewa wiki tatu. Vitamini D ndo inausaidia utumbo kufyonza kalsiamu, ikipungua vile vitezi vinne vidogo vya shingoni vinashtuka, vinatoa homoni inayokwenda kuchota kalsiamu kwenye mifupa ili damu isipungukiwe. Kwahiyo damu inasoma vizuri kumbe mfupa ndo unalipa, na mtu anaweza kukaa hivo muda mrefu mpaka siku anateleza bafuni anavunjika nyonga.

Nikampigia daktari wa Dar aliyenifanyia. Swali lake la kwanza, dada, unameza vidonge gani? Nikamwambia simezi chochote, vile mlivyonipa viliisha baada ya miezi sita. Akanyamaza kidogo, afu akaniambia vile vidonge ni vya maisha. Maisha! Siku natoka wodini nilipewa karatasi ya kiingereza ina majina ya dawa, nesi akanionesha asubuhi hii jioni hii, mi nikaelewa ni dawa za kuponya kidonda, kidonda kilipofunga nikaona kazi imeisha. Simlaumu yule nesi, wodi ilikuwa imejaa, ila kitu cha kumeza mpaka unazikwa hakitakiwi kuelezwa kwa karatasi, kinatakiwa kielezwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, na mume au dada wa mgonjwa akiwa amekaa pale anasikia.

Akaagiza kipimo cha vitamini D yenyewe, damu yangu ikasafirishwa Dar, majibu yakarudi 9 (nanogramu kwa mililita). Chini ya 20 wanasema umepungukiwa, na kwa sisi tuliofanyiwa huu upasuaji wanataka ivuke 30.

Sasa nije kwenye jua, maana hili nimeambiwa na kila mtu. Shangazi yangu wa Lindi alikuja kuniangalia akasema, mwanangu, kwa jua hili la kwetu utakosaje vitamini ya jua, toka nje uote. Ni kweli vitamini D ngozi inaitengeneza yenyewe kwa jua, na ile ya ngozi haipiti tumboni, kwahiyo jua sijaliacha. Ila tuangalie maisha yenyewe. Mi nafungua duka asubuhi nafunga magharibi, nipo chini ya bati siku nzima, nikitoka nina dera na mtandio mpaka kwenye vidole, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo hata ukilikalia saa nzima. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Na kingine sikukijua, vitamini D inapenda mafuta, mtu akiwa na mwili mkubwa inajificha kwenye mafuta ya mwili na kwenye damu inabaki ndogo, kwahiyo wengi wetu tunaingia chumba cha upasuaji tayari tumepungukiwa. Halafu ukishakatwa, mafuta ya chakula hayafyonzwi kama zamani, na vitamini inayosafiri na mafuta inapita nayo.

Kwenye chakula napo nilijitahidi. Vibua, dagaa wa kuliwa na miba yake, kiini cha yai, vyote hivi vizuri na bado nakula, watu wakaniletea na korosho, maana huku kwetu korosho ni dawa ya kila kitu, namshukuru kila aliyeleta ila korosho haina vitamini D. Na kifuko cha saizi ya yai kinaingia samaki wangapi? Vijiko vitano umeshiba.

Dawa ndo zimeniokoa, na zenyewe zina mambo yake. Nilianzishwa dozi kubwa ya mara moja kwa wiki, wiki nane, afu nikashushwa kwenye yuniti 3000 kila siku pamoja na kalsiamu. Naomba mtu asichukue hiyo dozi kwenye gazeti akaenda kuinunua, vitamini D ikizidi inapandisha kalsiamu ya damu mpaka unatapika na figo zinapata mawe, pima kwanza. Kuhusu kalsiamu, duka la dawa nililoenda walinipa ile ya kaboneti, nyeupe inatafunwa kama chaki, ndo iliyopo na ndo bei rahisi. Ile inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na kifuko changu kina asidi kidogo sana. Sisi tunashauriwa ya sitreti, nikazunguka maduka manne hapa mjini sijaipata, ikawa naagiza Dar inakuja na basi. Afu huwezi kuimeza yote mara moja, mwili unapokea miligramu 500 au 600 kwa mkupuo, na kwa siku tunahitaji 1200 mpaka 1500, kwahiyo ni mara tatu, na usiiweke karibu na kidonge cha madini ya chuma, waachane masaa mawili, maana vinagombania. Nimeandika ratiba kwenye kipande cha boksi nimebandika juu ya friji, binti yangu ndo ananisimamia, mama saa nne hiyo.

Halafu Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, mvua zikakata barabara kule Somanga, mabasi hayapiti, na mzigo wangu wa dawa ukakwama. Nilikaa siku zile nikiwaza hivi afya yangu imening'inia kwenye barabara moja tu.

Saivi kipimo cha mwisho kilisoma 34, nakuna nazi na kunyanyuka bila kushika kitu. Ila kwa vipimo vya baadaye nilisafiri kwenda Dar na kurudi mara tatu, kila safari ni damu ya sindano moja tu. Tuna hospitali ya kanda pale Mitengo, kubwa na ya kisasa, na watu wa Mtwara, Lindi na Masasi wanaorudi toka kwenye upasuaji huu wanaongezeka, mi peke yangu nawajua wanne, wawili kati yao hawamezi chochote. Naomba wahusika watuwekee siku moja ya kliniki, hata kama ni mara moja kwa mwezi, mtu apimwe vitamini D, hiyo homoni ya vitezi vya shingo, damu na vitamini B12 bila kupanda basi. Na wenye maduka ya dawa, mkiona mteja anaulizia kalsiamu muulizeni kama alishawahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, ni swali la sekunde tano tu.

Kwako mhariri ombi langu ni moja. Mtafute daktari au mtaalamu wa lishe ajibu kwenye ukurasa wa afya swali ambalo mwenzangu mmoja wa Lindi aliniuliza juzi kwenye simu nikashindwa kumjibu, yeye alifanyiwa ule wa kukata tumbo bila kugusa utumbo, miaka minne imepita na hajawahi kupima kitu, miguu imeanza kumuuma usiku, na saivi ana mimba ya miezi mitatu. Aanzie wapi?

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara