Mheshimiwa Waziri, vibandiko vya watoto wetu viko wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

YAH: VIBANDIKO VYA KUPIMIA SUKARI ULIVYOWAAHIDI WATOTO

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani. Barua zangu za awali bila shaka zimetunzwa vizuri sana ofisini kwako, maana hakuna iliyowahi kujibiwa.

Alfajiri ya Jumatatu nilimkuta binti yangu amelowa jasho, fulana imemganda mgongoni, meno kayauma. Namwita, ananikodolea macho kama hanijui. Kumchoma kidole: sukari 2.1, imeshuka mno. Nikawa nampaka jeli ya glukosi kwenye ufizi huku mama yake akilia, hadi akaanza kutamka maneno yanayoeleweka.

Saa sita usiku nilikuwa nimempima, sukari iko sawa. Ilishuka baada ya hapo, sisi tumelala. Mwenye kisukari aina ya kwanza, kama binti yangu, anaweza kushukiwa na sukari usingizini asiamke kabisa, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, kwani ulilisema mwenyewe siku ya uzinduzi.

Siku hiyo ulikunja shati, ukabandikwa kibandiko chenye kihisi cha sukari mkononi mbele ya kamera. Tulifurahi sana kujua kwamba sukari yako iko sawa. Ukaeleza vizuri: kijiuzi chembamba chini ya ngozi, kimeng'enya (protini inayochochea mmenyuko) kinachogusana na glukosi, yaani sukari yenyewe, na kuzalisha umeme kidogo, kipimo kinaingia kwenye simu kila baada ya dakika chache, na sukari ikishuka kengele inalia. Ukamalizia, "kila mtoto." Makofi yakapigwa. Watoto wachache wakapewa vibandiko vya wiki mbili, wiki mbili zikaisha, tukaambiwa tusubiri awamu ya pili.

Sasa ofisa wako ananiambia mnangoja teknolojia mpya, vibandiko vya jasho vitakavyogundua magonjwa mengi kwa mpigo. Nimesoma habari zake. Mwaka 2016 watafiti Wei Gao, Ali Javey na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kibandiko kinachopima glukosi, lakteti, sodiamu na potasiamu kwenye jasho. Kazi nzuri. Ila glukosi ya jasho ni kidogo mno, na hakuna daktari atakayekadiria insulini ya mwanangu kwa jasho. Kihisi cha chini ya ngozi si ndoto. Marekani waliidhinisha cha kwanza mwaka 1999. Machi 2024 waliruhusu cha kwanza kuuzwa huko bila cheti cha daktari, kwa watu wazima wasiotumia insulini. Wasiotumia, Mheshimiwa! Wangu anaichoma kila siku, anangoja awamu ya pili.

Na mkizidi kuchelewa, wazazi wanauziwa saa za mkononi zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, wakati mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaonya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja.

Sijui kilichokwama. Nahisi ni zabuni. Au forodha. Au fedha ziliishia kwenye mahema na fulana za uzinduzi, ambazo, nikiri, zilikuwa nzuri.

Ninaloomba ni vibandiko. Viingizwe kwenye bima, vipatikane kliniki kama insulini. Havitoshi wote? Anza na wanaochoma insulini. Hao nao ni wengi? Anza na watoto. Hata watoto ni wengi? Basi tupe tarehe, Mheshimiwa. Tarehe tu, kwa maandishi, yenye sahihi yako.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mzazi