Barua ya Kufunga Msimu wa Nduaro

Watamu,
6 Aprili

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, napenda kukuarifu kwamba mimi na wote wa nyumbani tu wazima, na kwamba chombo tulikipandisha juu juzi, upepo ulipokwisha kugeuka na mawimbi ya kusi yakaanza kuufunga mlango wa mwamba. Najua umeingoja barua hii tangu Januari, na kwamba zile jumbe fupi za simu hazikukutosha, kwa sababu kila ulipouliza msimu huu wa nduaro, wale samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, unakwendaje nilikujibu "Alhamdulillahi" nikanyamaza. Leo nimepata nafasi ya kukaa kitako. Nitakueleza kwa urefu, na pale nilipokosea sitapaficha, maana wewe ndiwe uliyenifundisha kuishika waya, ile sehemu ya mwisho ya mshipi ya kumvutia samaki ubavuni, na huna haja ya kusikia sifa zangu.

Kaskazi hii haikutuanzia vizuri. Mvua za vuli zilikawia kukatika, Mto Sabaki ukawa unamwaga tope lake baharini kule upande wa Malindi, mkondo ukalisukuma kusini hadi kwetu, na mpaka Desemba ilipokaribia kwisha maji ya karibu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hata hivyo wewe unaijua faida ya uchafu huo: ukizidi kutoka nje unafika pahali ambapo tope linakoma ghafla kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi, na buluu inaanza. Pale mpakani hukusanyika vijiti, mwani na povu. Chini ya vijiti hujificha fulusi, sehewa huja kuwinda dagaa, membe huja kugombea masalio, na nduaro huja kuwawinda sehewa. Wiki ya Krismasi tulirambaza, yaani tuliburuta mishipi nyuma ya chombo, kwenye mpaka huo siku tano mfululizo bila kuhitaji kwenda mbali, jambo lililomfurahisha mwenye chombo kuliko lilivyowafurahisha wageni, kwa kuwa bei ya dizeli ilikuwa imemkosesha usingizi.

Kama ulivyokwisha kusikia, mwaka huu nilikabidhiwa usukani. Waya niliiacha mikononi mwa mtoto wa shangazi yangu, yule uliyemwona akiparua magamba pwani akiwa bado mwanafunzi, ambaye sasa ana mabega mapana kuliko mimi na haniamkii mpaka nimkohoze. Nilimfundisha kama ulivyonifundisha: glavu mbili kila mkono, mizungusho miwili ya waya kiganjani wala isizidi, na vidole vifunguke wakati wowote samaki akitaka kwenda, kwa sababu anayeng'ang'ania hufuatana na samaki majini. (Bado tunaiita waya ijapokuwa ni nailoni nene tupu, kijana aliniuliza sababu, nami sikuwa na jibu ila kwamba ndivyo tulivyoikuta.) Ile milingoti mirefu ya pembeni inayotawanya mishipi anaiita mirengu, vilevile kama ulivyokuwa ukiiita wewe, kana kwamba tunaendesha ngalawa.

Siku nzuri sitaziandika nyingi, kwani zinafanana. Itoshe kukuambia kwamba mwezi wa Januari tulipata siku moja ambayo sulisuli, yule jamaa wa nduaro mwenye pezi kama tanga, alikuja asubuhi, nduaro wa milia akaja adhuhuri, na jua lilipoanza kuinama akaja nduaro mweusi mdogo ambaye kijana alimtambua kwa yale mapezi ya ubavuni yasiyokunjika, hata ukiyasukuma kwa nguvu. Aina tatu kwa siku moja, na wote watatu tuliwatia alama tukawaachilia. Tulirudi na bendera tatu zimepinduliwa juu chini, ishara ya samaki walioachiliwa, watoto wa pwani wakazihesabu kwa sauti, na mgeni wetu, mzee wa Kiingereza ambaye siku nzima hakusema maneno kumi, alishuka chomboni akamkumbatia kila mtu, pamoja na mlinzi wa hoteli ambaye hakuwa na habari ya lolote.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza mara mbili nami nikalikwepa. Ndiyo, ni kweli, nilimpoteza yule nduaro wa buluu, na nilimpoteza mimi, si kijana wala mgeni.

Ilikuwa katikati ya Februari, kabla ya Ramadhani, na mgeni alikuwa mama mmoja mstaafu kutoka Nairobi ambaye huja kila mwaka na rili zake mwenyewe, zile roda za kukunjia mshipi. Tulikuwa tumevuka ukingo, maji yana kina cha pima mia na zaidi, tunakwenda mwendo wa noti nane hivi, chambo bandia vinne vinarukaruka nyuma ya mkia wa chombo. Nilimwona kabla hajagonga. Nyuma ya chambo cha kulia, kwenye uso wa wimbi la tatu, ulitokeza mdomo mnene mweusi kama mpini wa jembe, ukayumba kulia na kushoto bila haraka, na chini yake kukawa na kivuli ambacho kwanza nilidhani ni cha wingu. Kisha mshipi ulichomoka kwenye mrengu kwa mlio kama wa kijiti kinachovunjika, rili ikaanza kulia, na kabla kijana hajamaliza kuondoa mishipi mingine samaki alikwisha kuchukua mita mia tatu na kuruka mara nne, kila mara akionekana mdogo zaidi kwa umbali na mkubwa zaidi kwa kishindo. Sitakutajia uzito niliokadiria. Unajua jinsi manahodha wanavyokadiria samaki waliopotea, nami sitaki kujiingiza katika kundi hilo msimu wangu wa kwanza. Nitasema tu kwamba madume wa buluu hawafikii ukubwa ule, hivyo bila shaka alikuwa jike.

Mama yule alipigana naye muda wa saa moja na dakika arubaini, peke yake, bila mtu kugusa fimbo wala mshipi, kama sheria za mchezo zinavyotaka. Hatimaye tuliliona fundo la waya likitokeza majini na kijana akanyoosha mkono. Nilikuwa nimekiingiza chombo gia ya nyuma, tunamfuata kwa tezi, maji yanamwagika ndani mpaka kwenye vifundo vya miguu, nami macho yangu yalikuwa kwa samaki badala ya kuwa kwa mshipi. Hilo ndilo kosa lenyewe, sahibu yangu, na ulinionya miaka mingi iliyopita: samaki atakuonyesha uzuri wake, mshipi ndio utakaokuonyesha aendako. Aligeuka ghafla akapita chini ya chombo. Kijana alipiga kelele, "Mbele! Mbele!" nami nilichelewa kubadilisha gia kwa muda wa pumzi mbili. Mshipi uligusa rafadha, ile panga la injini linalozunguka majini. Hapakuwa na mlio wowote. Fimbo ilinyooka tu, ikawa fimbo.

Hakuna aliyezungumza. Nilizima injini, nikashuka kutoka juu, nikamwomba radhi mama yule kwa maneno ambayo siyakumbuki. Yeye alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake, mikono inamtetemeka, akanitazama kwa muda akasema, "Nahodha, chai ipo?" Tulimmiminia chai. Alikunywa vikombe viwili, akafungua pochi akatoa mshipi mpya, akaanza kufunga fundo jingine yeye mwenyewe. Siku ile hatukugongwa tena, lakini amekwisha kuweka nafasi kwa mwakani na ametaka nahodha awe mimi. Sijui kama hiyo ni heshima au ni adhabu.

Jambo la pili nililotaka kukueleza linahusu Ramadhani, ambayo ilituingilia msimu ukiwa bado haujaisha. Mimi na kijana tulifunga tukifanya kazi, na si kazi rahisi kushika waya koo limekauka huku chumvi inakukauka usoni. Siku moja nduaro wa milia aligonga chambo bandia, na ndoana ya pili badala ya kushika taya ikaruka ikamchoma matamvua. Wewe unajua kwamba tukivua kwa chambo cha samaki tunatumia zile ndoana za duara zinazojigeuza na kushika pembe ya mdomo, na samaki huondoka salama. Chambo bandia hakifanyi kazi vizuri na ndoana hizo, kwa hiyo bahati mbaya kama ile haiepukiki kabisa. Alipofika ubavuni damu ilikuwa inatoka kwa wingi. Kijana alimshika mdomo, nami nikakipeleka chombo mbele polepole ili maji yapite matamvuani mwake, kwa sababu samaki wa jamii hii hupata pumzi kwa kuogelea na akisimama amekwisha. Mwanzoni milia yake ilikuwa bado inawaka ile buluu ya umeme ambayo hakuna picha iliyowahi kuishika. Tulimkokota hivyo dakika ishirini na tano. Milia ilififia kuanzia mkiani, mwili ukageuka rangi ya shaba, kisha kijivu, na kijana akaniangalia bila kusema neno. Tulimpandisha. Mizani ilisoma kilo 71.

Baba yangu alikuja pwani na panga lake. Alimkata kwa utaratibu uleule aliokuwa akiutumia zamani alipokuwa akitega nyavu za jarife, akatenga mafungu, akataja nyumba za kupelekewa moja moja, akianza na za wajane. Jioni ile tulifuturu kwa nduaro wa nazi. Nilikula, na alikuwa mtamu, ila niliona uzito, na mzee aliniona. Alisema, "Mnamwachilia aliye hai na kumlilia aliyekufa. Sisi tulikuwa tukishukuru kwa wote wawili." Kisha akaomba apitishiwe ndimu.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliuliza kama sisi hatuchezi na riziki, kumchosha samaki saa nzima na kisha kumrudishia bahari yake. Nimelifikiria swali hilo zaidi ya unavyodhani. Miaka ile tulipoanza, nduaro alininginizwa kwa mkia pwani, watalii wakapigwa picha, na nyama ikauzwa kwa bei ya kutupa. Mgeni hakuwa amelipia nyama hata wakati huo. Alilipia siku ya baharini, na akilipia tena mwakani sharti samaki wawepo. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya kwanza, na ni hesabu ya tumbo, sioni haya kuisema. Lakini sijidai kuwa mtakatifu, kwa kuwa si wote tunaowaachilia wanaopona. Na huko nje zaidi kuna meli zenye mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana, ambazo nduaro kwao ni ziada tu ya jodari. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyo na makao yake Shelisheli, iliweka mwaka 2018 kiwango cha mwisho cha tani 3,260 kwa mwaka kwa nduaro wa milia katika bahari yote hii, kwa sababu ndiye aliyekuwa amevuliwa kupita kiasi kuliko wenzake. Ukilinganisha tani hizo na yule mmoja wetu wa kilo 71, utaona ni kwa nini sikubali kuambiwa kwamba sisi ndio tunaomaliza samaki, na pia ni kwa nini sikubali kuua hata mmoja kwa ajili ya picha.

Lipo jambo moja nataka kukuomba. Kila samaki tunayemwachilia, kijana humchoma mgongoni, kwenye nyama iliyo chini ya pezi la juu, uzi mwembamba wa plastiki wenye namba, nami ninajaza kadi: aina, tarehe, mahali, uzito wa kukadiria, hali yake alipoondoka. Kadi zinakwenda kwa African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia samaki wa jamii hii, walio hapahapa Watamu. Samaki hawa hawana nyumba. Nduaro wa buluu aliyetiwa alama pwani ya Delaware, Marekani, alikuja kuvuliwa karibu na Mauritius, yaani alitoka bahari moja akaingia nyingine, na hakuna ambaye angeijua safari hiyo kama aliyemvua angeutupa ule uzi pamoja na matumbo. Wewe uko Salalah, kwenye mwambao wa bahari hiihii, na kazi ya tagi, boti ya kuvuta meli, najua inakupa asubuhi za mapumziko. Ukipita soko la samaki ukamkuta nduaro au sulisuli mezani, nakuomba upapase mgongo wake upande wote wa kushoto na wa kulia kabla hajakatwa. Uzi huota mwani ukafanana na mchirizi wa uchafu, kwa hiyo usitegemee macho. Ukiupata, andika namba, tarehe, urefu wa samaki kuanzia taya la chini hadi kwenye panda ya mkia, na uulize alivuliwa wapi. Nitumie mimi, nitaifikisha ofisini siku hiyohiyo. Na uniandikie pia wenyeji wa huko wanamwitaje.

Glavu zako za ngozi bado zimo kwenye sanduku la chini ya kiti. Zilikuwa zimekakamaa kwa chumvi; kijana aliziloweka kwa maji baridi siku mbili, akazipaka mafuta ya nazi, na sasa zinakunjika. Ameniomba azitumie mwakani. Nimemwambia asubiri jibu lako.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Watamu